Marwa Kala Pamba ya Nani?

Mjukuu wangu Bhoke,

Barua yako imefika hapa Nyasho asubuhi, nikainuka kitini kwa kasi mpaka bibi yako kadhani nimeumwa na siafu. Yeye mzima, anakusalimu, na bado ananisema mbele ya kuku. Unauliza kama serikali inaweza kumfungia mtu bila kumshtaki, na mpaka lini. Hapo umenigusa penyewe!

Kaka yangu Marwa alishikwaga kituo kimoja cha polisi njia ya Bunda. Wiki tatu, hakuna kosa lililotajwa. Mimi nilikuwaga nimejisomea sheria kwenye kitabu kilichong'oka kurasa za mwisho, basi nikaenda kituoni na mama yetu, na vifungu vyangu mkononi. Mkuu wa kituo akapiga mwayo.

Ndipo mama akamsogelea. "Mwanangu, kwenu mnafuga?"

"Tunafuga, mama."

"Ng'ombe wangu akiingia shambani kwako, unamshika. Halafu?"

"Nakuita wewe na wazee, nawaonyesha pamba aliyokula."

"Na ukikosa cha kuonyesha?"

"Namwachia. Nikimng'ang'ania, mwizi ni mimi."

"Haya. Marwa kala pamba ya nani?"

Askari walicheka, mkuu hakucheka. Kesho yake Marwa alipelekwa mahakamani. Hakimu akauliza kosa, hawakuwa nalo, na jioni kaka alikuwa nyumbani anamaliza ugali wangu!

Wewe una vitabu vizima, mjukuu wangu. Visome mpaka kurasa za mwisho, kisha uniambie kama swali la mama limo.

Babu yako, anayesubiri kwa pupa