Ute kwa Mama Mkwe, Kiini kwa Kuku

Alhamisi, Agosti 1996. Saa kumi na mbili jioni.

Mvua ya mawe imeshuka saa nane na kuchanachana chai yote ya upande wa juu. Sasa jua limetoka, lakini ni jua la kudanganya watu, baridi iko palepale. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinagoma kushika kalamu.

Leo nimepungua kilo mbili na nimeaibika mbele ya nesi. Nitaandika yote mawili.

Nianze na sifa, maana katika nyumba hii hakuna wa kunisifu. Mwezi wa sita nilipimwa presha pale zahanati, nesi akatikisa kichwa. Akaniambia nipunguze mafuta ya kukaangia, chumvi, na chapati za kila jioni. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu ya kweli. Baba yangu alianguka kati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, na alipofikiwa alikuwa ameshakata roho. Yeye pia aliambiwa ni presha. Mimi nina miaka arobaini na minne na mtoto aliye kidato cha pili. Sina nafasi ya kuanguka.

Kwa hiyo nikaamua. Nikishaamua, nimeamua.

Siku ile ile, nikiwa kwenye benchi ya kusubiri, nilikuwa nimeokota ukurasa wa gazeti uliochanika. Uliandika kwamba mafuta mabaya ya yai yako kwenye kiini, kwamba ute ni safi, na kwamba mwenye kutunza moyo wake atakula ute peke yake. Nilisoma mara mbili. Ukurasa wenyewe ulikatika kabla habari haijaisha, lakini mimi nilitosheka na nilichopata.

Nadhani ni malezi ya chai. Tangu nikiwa mdogo nimefundishwa kuchuma majani mawili na kichipukizi, basi. Ukipeleka jani gumu kwenye kituo cha kupokelea majani, karani anamwaga kikapu chako juu ya meza mbele ya watu wote, na unapanga upya ukiona haya. Mtu aliyelelewa hivyo huamini kila kitu kina sehemu ya kubeba na sehemu ya kutupa. Nilipoona yai lina rangi mbili, sikupata shida hata kidogo kujua ipi ni ipi.

Kila asubuhi nikawa navunja mayai matatu kwenye ukingo wa bakuli. Kiini nakichezesha kutoka ganda hili hadi ganda lile mpaka ute wote udondoke. Nimekuwa fundi. Kisha nakaanga ute kwa tone la mafuta ambalo hata nzi hawezi kuteleza juu yake.

Baba Chebet, mume wangu, alionja siku ya kwanza akasukuma sahani. Alisema yeye hali povu la sabuni. Tangu siku hiyo anakunywa chai yake na ugali uliolala na maziwa ya mursik, yaliyogandishwa kibuyuni, halafu anakwenda kukamua, na mimi sikumbembeleza. Basi ute wa mayai matatu ukawa wa watu wawili: mimi na Kogo.

Kogo ni mama mzazi wa Baba Chebet. Sote tunamwita Kogo, yaani nyanya, kama wanavyomwita wajukuu. Kwake ni Chebunyo, kule kwenye joto na mbuzi, lakini mwezi wa tano alishikwa na kichomi akalazwa, na alipotoka Baba Chebet akamleta hapa tumtunze. Nesi alisema akipata mwili kidogo atarudi kwake. Kila wiki anauliza mbuzi wake wanaendeleaje. Hapa petu hapapendi. Anasema ukungu wetu unaingia hadi kwenye mifupa, naye anataka kurudi alale kwenye nyumba yake kabla Mungu hajamwita.

Mimi nafundisha sayansi kimu darasa la saba. Naandika ubaoni kila muhula: yai ni chakula cha kujenga mwili. Nikaona nimepata dawa ya Kogo na yangu kwa pamoja. Chenye kunifaa mimi kitamfaa na yeye, yeye ambaye ni mkongwe zaidi na moyo wake umepiga miaka mingi zaidi. Nilimwekea ute wake kwenye sahani ya maua, akashukuru, akala. Asubuhi ya pili akashukuru, akala. Hajawahi kusema neno.

Na viini? Viini nilimwaga kwenye pumba za kuku.

Hapo ndipo mtu yeyote aliyefuga kuku angenishika mkono. Hata mimi nilikuwa najua. Kuku akishaonja yai bichi haachi tena. Lakini nilijiambia kiini peke yake si yai, nikachanganya na pumba, wakala kwa fujo hadi nikawafurahia. Manyoya yakang'aa. Yule mweupe mkubwa akanenepa mpaka akawa anatembea kama mke wa chifu.

Wiki iliyopita nikaanza kukuta maganda matupu kwenye kiota. Nikasingizia nguchiro. Nikamsingizia paka wa jirani, hata nikamrushia kuni. Juzi nikamfumania yule mweupe mwenyewe, mdomo wote wa manjano, amesimama juu ya yai lake bila hata aibu. Wenzake wanamngojea amalize wao walambe. Baba Chebet alicheka mpaka akakaa chini. Anataka kumchinja Jumapili, na mimi sina cha kumtetea kuku wangu, kwa kuwa mwalimu wake ni mimi.

Hiyo ilikuwa aibu ndogo. Kubwa ni ya leo.

Asubuhi tulikwenda zahanati, mimi na Kogo, kila mtu na kadi yake. Nilivaa lile rinda la kijani lililokuwa limenibana Pasaka. Nilipanda kwenye mizani nikiwa nimenyoosha shingo. Kilo mbili chini, na presha imeteremka. Nesi, Sista Joyce, mama Mkisii mwenye sauti ya kanisani, akaniambia, "Mwalimu, umejaribu! Uendelee hivyo hivyo." Nilitamani watu wote kwenye benchi wasikie, na kwa sauti yake walisikia.

Kisha akapanda Kogo. Alivua viatu bila kuambiwa.

Sista Joyce aliangalia mizani, akaangalia kadi, akamwomba ashuke apande tena. Kogo naye amepungua kilo mbili. Kwangu mimi kilo mbili ni sweta. Kwa Kogo, ambaye hata kanga humzunguka mara mbili, sijui zimetoka wapi.

Nesi hakuniuliza mimi. Alimshika Kogo mkono na kumuuliza yeye. "Shosho, nyumbani unakula nini?"

"Nakula kile napewa," Kogo akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Na asubuhi?"

"Mayai. Ile nyeupe."

"Ile njano je?"

"Ile njano ni ya kijana yangu," Kogo akajibu, na akatabasamu kabisa, kama mtu anayemsifu mtu.

Mimi nilitazama sakafu. Sakafu ya zahanati ile ina ufa mrefu kutoka mlangoni hadi kabatini, naufahamu vizuri sasa.

Nilimweleza Sista Joyce habari ya ukurasa wa gazeti. Hakunipigia kelele. Heri angepiga. Alisema, "Mwalimu, niliambia wewe upunguze mafuta. Sikuambia nyumba yote. Wewe uko na mwili ya kupunguza, huyu mama hana. Huyu apewe yai mzima, kila siku, na maziwa na uji. Akipungua tena nitamwandikia kulazwa." Kuhusu mimi alisema hata kiini sikatazwi, nikichemsha yai na kula zima mara tatu kwa wiki hakuna neno, kilichonipandisha presha ni chapati na mkono wangu mzito wa chumvi. Kuhusu Kogo kurudi Chebunyo akasema bado. Kogo alisikia neno hilo, akaanza kuvaa viatu polepole.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nimewasahihishia watoto insha za methali hiyo miaka kumi na tisa, na kwangu ilikuwa inaandaliwa mezani kila asubuhi kwa sahani ya maua.

Njiani alipumzika mara tatu. Mwezi wa saba tulikuwa tukipumzika mara moja, na mimi sikuhesabu. Nilikuwa nahesabu kiuno changu.

Tulipokaa mara ya tatu, kwenye gogo karibu na kituo cha majani, nilimuuliza kwa Kikipsigis kwa nini hakuniambia. Alishangaa swali lenyewe. Alisema alipoolewa, yai lilikuwa la wanaume na la wageni. Mwanamke aliokota, alihesabu, alipeleka. Hakuna aliyemkataza kwa fimbo, ila mwanamke mwenye adabu hakuomba. Basi alipoona kwangu anapewa nyeupe, na njano haionekani mezani, alijua imewekewa mwanawe anayeamka alfajiri kukamua. Akaona amemwoza mwanawe mke anayejua kutunza mume. Alisema kila asubuhi alipokula ile nyeupe alikuwa anamwombea Baba Chebet.

Ningeweza kunyamaza. Naandika hapa ukweli: nilitaka kunyamaza. Alikuwa ameniinua juu kiasi kile, na kushuka ni kazi.

Lakini alikuwa amekonda kwa ajili ya mtu asiyekula. Nikamwambia. Nikasema, Kogo, Baba Chebet hajaonja hata kimoja. Nimekuwa nikiwapa kuku.

"Kuku?"

Ndiyo, kuku.

Mtu alipita na kikapu, akatusalimia, akaenda zake. Nilingoja anikemee. Ana haki, tena ana ulimi akitaka. Macho yake yalilowa kidogo, akayafuta kwa kiganja, na moyo wangu ukauma kuliko ambavyo umewahi kuuma kwa presha. Baadaye akasema tu kwamba mawingu yanakuja na tusimame.

Tuliingia nyumbani mawe yakianza kugonga mabati.

Kiotani hamkuwa na yai, bila shaka. Mvua ilipokatika nilikwenda hadi kioski cha hapa barabarani, nikakuta limebaki moja, mwenye duka akasema trei nyingine italetwa Jumamosi. Nikalibeba hilo moja kwa mikono miwili. Nililichemsha mpaka likaiva, nikaketi kando ya Kogo, kitu ambacho sifanyi, kwa kawaida naweka sahani na kuondoka.

Alimenya vizuri, bila haraka. Akapasua. Akala ute. Kiini akakitoa kizima, cha mviringo, akakiweka ukingoni mwa sahani na kuisogeza kwangu. "Mwekee mwanangu," akasema.

Baada ya yote ya njiani! Mkono wake ulikwenda wenyewe.

Sijawahi kumwamuru mama mkwe wangu. Katika miaka kumi na tisa sijawahi hata kumtazama machoni kwa muda mrefu. Leo nilirudisha sahani mbele yake na nikasema, "Kogo, kula. Hiki ni chako." Sauti ilitoka ile ya darasani. Baba Chebet alikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa, akasimama pale pale. Nilidhani atanikosoa. Akasema, "Kula, Mama," akapita jikoni.

Kwa hiyo nimeamua, na safari hii nimemsikiliza mtu hadi mwisho wa sentensi. Mimi nitakula yai zima siku tatu kwa wiki, la kuchemsha. Chapati ni Jumapili tu. Kogo anakula lake zima kila asubuhi, mbele yangu, nikiwa nimekaa. Kuku mweupe hatima yake iko mikononi mwa Baba Chebet. Presha yangu itashuka, sina shaka, kwa maana ninapoanza jambo ninalimaliza. Shaka yangu ilikuwa ndogo mno, ndiyo iliyoniponza.

Kogo alikimega kiini vipande vidogo vidogo, akavila kimoja kimoja, macho kwenye sahani. Nilikaa. Hakumpelekea mtu, hakuacha chembe. Alikusanya unga wa njano uliobaki kwa ncha ya kidole akaulamba, kama mtoto. Ana miaka sabini na kitu, amezaa saba, ameokota mayai maisha yake yote.

"Kumbe ni tamu hivi," akasema.

Halafu akaniuliza kama kuna lingine.

Hakuna. Lakini kesho nitaamka na umande, nitashuka hadi soko la Silibwet kwa miguu yangu hii iliyopungua, na sirudi bila trei.