Mwalimu Mkuu Anataka Niwafiche Walionifundisha Kompyuta

Shangazi Waithera, nakusalimu kutoka Kitengela na naomba unisome hadi mwisho, maana hii siri nimeibeba miaka mitatu. Mimi ni mwalimu wa kupiga chapa, na mwaka wa 2002 shule yetu ilipoletewa kompyuta kumi mwalimu mkuu, Bwana Wanyoike, aliniambia, "Madam Nanjala, wewe si unajua keyboard? Basi hilo somo ni lako," nami nikaona haya kukataa, nikawa nasoma kitabu ukurasa mmoja mbele ya wanafunzi, na kila mara msichana mmoja mwerevu, Ajwang, akiuliza kwa nini programu yake inakataa kujumlisha, nilimwambia azime kompyuta aiwashe tena, mwaka mzima Shangazi, zima washa, zima washa.

Halafu kwa semina nikakutana na Kitonga, anayefundisha kompyuta Kisaju, akaniambia walimu wa somo hilo wako na chama, wanakutana Kajiado mjini kila Jumamosi. Nilienda nikiwa nimejipanga kudanganya. Lakini pale kila mtu husimama aseme kilichomshinda wiki hiyo, na wa kwanza alikuwa Mwalimu Kiama, miaka saba darasani, akasema, "Mimi database imenilemea, nisaidieni." Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi ni yote," nikalia, na hakuna aliyecheka. Walinianzisha kwa kufungua faili, nami nikawafundisha kupiga chapa kwa vidole kumi, maana wote walikuwa wanadonoa kwa viwili kama kuku.

Shangazi, matokeo ya mtihani wa KCSE yametoka! Wanafunzi wangu kumi na wanne, hakuna aliyepata chini ya B, na Ajwang ako na A! Tuliimba staffroom nzima. Sasa Ijumaa ijayo ni siku ya zawadi, na Bwana Wanyoike anataka niseme ni bidii ya shule yetu peke yake, nisitaje chama, tena niache kuwapelekea mitihani yangu ya majaribio kwa sababu "hao ni washindani wetu." Nikisema ukweli wazazi watauliza nilikuwa nafundisha nini ule mwaka wa kwanza, na nikinyamaza, Kitonga na Kiama nitawaangalia na macho gani?

Nanjala, Kitengela

SHANGAZI ANAJIBU

Hongera, mwalimu! Nimepiga vigelegele hapa ofisini mpaka wenzangu wakachungulia.

Sasa nikugombeze. Kutojua hakukuwa kosa lako, ulipewa kazi usiyosomea. Kosa ni kumzungusha mtoto aliyekuuliza swali la maana. Lakini ulienda mbele ya watu wazima ukasema hujui, kisha ukajifunza. Wazazi wakiuliza, waambie hivyo hivyo. Wako na matokeo mkononi, watakufanya nini?

Bwana Wanyoike mwendee Jumatatu, ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Usingoje kumshtua mbele ya wageni. Mwambie darasa lijalo limeshaanza mradi wao wa mtihani, na ukikwama utakimbilia Kajiado, kwa hivyo akikutoa kwa chama, watakaoumia ni watoto wake. Kisha umwambie Ijumaa utawataja, na umwombe viti viwili vya mbele, cha Kitonga na cha Kiama.

Akikataa, utakuwa umemwonya. Ijumaa shika maikrofoni uwataje kwa majina, polepole, wazazi wapate nafasi ya kupiga makofi. Na Jumamosi uende Kajiado na mitihani yako, kila mwalimu nakala yake.