Jina Linaloitwa Kwanza

S.L.P. 41,
Tolliver, Mississippi.
9 Julai, 2013.

Mpendwa kaka Lucius,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti linaendeleaje, na bado unapanda ngazi mbiombio ukijidai kijana? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila usingizi umenihama. Mipichi yetu imezaa hadi matawi yanainama.

Mjukuu wako Amaris amewapiku wote hapa chuoni. Kila kiangazi tunaletewa watoto wetu weusi wenye bongo zinazochemka, nami matroni wao najua kuwapima, lakini huyu wa Detroit ni moto. Akimaliza vizuri, nafasi ya chuo kikuu anayo.

Unaikumbuka desturi yetu. Kabla ya majina ya wanafunzi, huitwa kwanza Vernell Tate, yule uliyekuwa ukimbebea vitabu, aliyetoka kwao asubuhi kuja darasani mwaka wa kwanza wa masomo haya, barabara ikammeza, asionekane tena. Darasa zima hujibu, "Yu njiani!" Na kiti chake cha mbele hubaki wazi.

Basi mkurugenzi mpya, Dokta Prentiss, msomi wa kaskazini, akaona tunawatisha watoto. Nikamwambia, "Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao." Akacheka: "Mama Odessa, wewe na mizimu yako! Utanifukuzia wanafunzi." Jina likaachwa. Kiti akapewa Amaris.

Haukupita muda, Amaris akaanza kuja mezani na vumbi jekundu viatuni, na barabara yetu siku hizi ni lami tupu. Nikamtania, "Wee mtoto wa mjini, umelima wapi?"

"Nimemsindikiza mwenzangu, Bibi. Anaogopa kupita darajani peke yake."

"Mwenzako nani?"

"Si huyu ninayekaa naye kiti kimoja."

Alisema hivyo huku akijipakulia mkate wa mahindi. Niliogopa, kaka, sikufichi. Nilimhamisha kiti, kesho yake nikamkuta amerudi palepale.

Leo asubuhi Dokta mwenyewe alinijia, uso umemshuka, akaniomba nirudishe desturi. Hakuniambia alichokiona, nami sikumuuliza. Nikasimama mbele ya darasa nikaita, "Vernell Tate!" Watoto wakajibu, "Yu njiani!" Amaris peke yake akainuka, akasema taratibu, "Nipo."

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Kaa chini wewe, lako bado!" Nikaendelea na majina hadi nikafika kwake. Nikaita Amaris. Nikaita tena. Alinitazama kwa upole, kisha akageuka nyuma kumtafuta anayeitwa.

Njoo, kaka. Jina hilo ulimpa wewe alipozaliwa, na huenda sauti yako ikamfikia. Umwite mpaka aitike. Masomo yatangoja.

Nisalimie wifi Earline, na umbusu kitinda mimba wenu Dorian. Mungu akutangulie safarini, akuvushe salama darajani.

Naandika haya Amaris akiwa kibarazani, vitabu mapajani, macho barabarani. Sasa hivi ameniuliza kama Lucius atachelewa kuja kumbebea vitabu. Hakusema "Babu".

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,
Odessa