Bendi Ilipokuja Kedowa

Chebet wangu,

Chamgei, mjukuu wangu. Huku tuko wazima, mvua imerudi, majani chai yanachipuka, na mjomba wako amepata mtoto msichana.

Umeniuliza kama uende kuona ile bendi yako, ilhali watu wanasema sauti ya mwimbaji imechoka. Mimi nilipenda bendi moja ya magitaa kwa miaka mingi, redioni tu, mpaka ikaja kucheza Kedowa. Babu yako alinisindikiza. Huyo hata kanisani haimbi.

Kwa wimbo wa tatu, sauti ya mwimbaji ikakatika. Akasimama akitutazama kwa aibu. Ndipo nikasikia mtu kando yangu akiuendeleza wimbo, neno kwa neno. Babu yako! Watu wakamfuata, na mwimbaji akapiga gitaa huku akilia.

Tukirudi nikamuuliza, “Uliujulia wapi?”

“Si wewe huuimba kila asubuhi ukikamua? Mimi husimama nje nikikusikiliza.”

Miaka hiyo yote nilidhani naimbia ng’ombe.

Nenda, Chebet, hata kama sauti imechoka.

Nyanya yako anayekupenda,
Kogo