Kigoda Chini ya Mfuko wa Mchanga

Kikuyu,
Dodoma, Tanganyika.
14 Septemba, 1954.

Shemeji yangu mpendwa Methusela,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani mwako. Natumaini kifua chako kimepona na kazi ya mkonge huko Korogwe inakwenda. Mimi ni mzima wa mwili. Uniwie radhi kwa kukaa kimya tangu Pasaka. Binti yetu Lydia alitaka kukuandikia mapema, nilimkataza. Nilitaka barua iende na habari njema, nayo haikupatikana.

Dada yako Dorkasi yuko hospitali. Mwezi wa Mei alipanda juu ya tembe kuanika uwele, ukingo wa paa la udongo ukamomonyoka, akaanguka. Mfupa wa paja la kushoto ulivunjika juu, karibu na nyonga.

Walimlaza chali, wakaufunga mguu kamba inayopita juu ya gurudumu dogo, na mwisho wa kamba wakaning'iniza mfuko wa mchanga. Uzito ule huuvuta mguu ili vipande vya mfupa vikae mahali pake viungane. Daktari aliagiza mfuko usiguswe kwa wiki kumi na mbili.

Nilikwenda kila alasiri, nikichukua kigoda changu cha kukalia. Dorkasi aliumwa sana. Kitanda cha pili alilala Bi. Batuli wa Kondoa, mtu wa maneno. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, hata punda wa maji hutuliwa mzigo akifika nyumbani. Mkeo anaburuta mchanga tangu asubuhi, nawe umekaa tu!" Wodi nzima wakacheka. Dorkasi naye akacheka, mara ya kwanza tangu aanguke.

Nilisimama, nikasukuma kigoda chini ya mfuko. Kamba ikalegea, akapata usingizi. Tangu siku hiyo nilifanya hivyo kila alasiri, na mara nyingine nilikiacha pale nikaenda zangu. Miaka thelathini nilifundisha watoto kutii agizo lililotolewa mara moja.

Mwezi uliopita alipigwa picha. Mfupa haukuungana. Daktari alikiona kigoda chini ya mfuko, akauliza ni cha nani. Nilinyamaza. Muuguzi Anyesi, msichana mwangalifu, akakaripiwa mbele ya wagonjwa. Kesho yake nilikwenda kwa daktari nikasema ni changu. Alinitazama, akasema mifupa ya mahali pale mingine hukataa kuunga hata ikitunzwa vizuri, na kwamba hawezi kujua. Mimi pia siwezi kujua.

Sasa lipo shauri la kumpeleka Dar es Salaam. Watapasua paja, wakwangue ncha za mfupa hata zitoe damu, watie vipande vya mfupa vilivyotolewa kiunoni, kisha wafunge kwa bamba la chuma na skrubu. Ikifaulu, atatembea. Lakini kidonda chaweza kutunga usaha, na wapo wasioamka katika dawa ya usingizi. Asipopasuliwa, atatembelea magongo maisha yake yote, na mguu utapinda mahali pasipo na kiungo. Daktari anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Kwa desturi yetu kisu hakimgusi mwanamke kabla ndugu zake hawajasema, na wewe ndiye mkubwa wao. Nilimwambia Dorkasi kwamba nitakuandikia habari za operesheni.

"Andika na ya kigoda," akasema. "Kaka asipojua hiyo, mimi sipandi treni."

Nikamwambia ni aibu kwangu.

"Ndiyo. Basi andika kwa mkono wako, usimpe Lydia."

Nimeandika. Sikuombi unihurumie, naomba neno lako, ndiyo au hapana. Nakula na kulala kama kawaida, jambo ambalo mwenyewe silielewi. Kigoda nimekirudisha nyumbani. Nikienda kumtazama, nasimama.

Lydia anakuamkia. Nisalimie mkeo Sikudhani, na mzee Filipo ukionana naye. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Neno lako likifika na shauri likikatwa, nitakuandikia siku hiyo hiyo, wala sitangoja habari iwe njema.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na kukuheshimu,
Yotham Chidawali