Bunduki ya Uturuki na Kodi Niliyosema Haipo

Jumatano, jua linaelekea kuzama. Mvua imenyesha asubuhi ikakatika, na mchana jua likatoka kama limekasirishwa na mtu. Matope yamenikaukia miguuni mpaka magotini. Nimechoka, na sina hamu hata ya chai.

Shajara, kwanza tuelewane. Katika mkoa huu wa Tabora hakuna jambo la bunduki linaloamuliwa kabla sijaulizwa mimi. Watu wanatoka Urambo, wanatoka Choma huko Igunga, wananifuata karakanani kwangu ninakochonga funguo na kunoa majembe. Mjomba Rama, bunduki gani inafaa kwa fisi? Mjomba Rama, na kwa ngiri je? Nawajibu bila kuinua macho. Ni damu tu. Babu wa baba yangu aliongoza msafara kutoka pwani mpaka hapa mjini, bunduki arobaini mabegani mwa watu wake, na njia nzima hakuna mtemi aliyethubutu kumdai hata kipande cha kitambaa. Alikuwa anakohoa tu, njia inafunguka.

Hivyo ndivyo nilivyosimulia miaka yote. Leo nimekutana na mtu aliyesimuliwa vingine.

Lakini nikianzia hapo sitaeleweka. Nianze na dada yangu.

Dada Zuhura ni mkubwa wangu, mjane, anaishi Lusu kule Nzega. Ana ekari tatu za mahindi na hizo ndizo chakula chake cha mwaka. Msimu uliopita nguruwe pori waliingia yakiwa mabichi, akavuna magunia mawili na mabua. Sisi ni Waislamu, hatujawahi kuwala hata mmoja, ila wao wametula sisi. Baada ya mavuno hayo akaniita. Nikamkuta amekaa juu ya kinu.

Nikamwambia, dada, uza ng'ombe wawili, mimi nitaleta bunduki. Kibali kitakuwa kwa jina langu, na mahindi yakianza kubeba nitakuja mwenyewe nikae dunguni nikilinda mpaka uvune. Nguruwe wakinisikia jina tu watahamia Shinyanga.

Akaniangalia. Akajifunika jicho moja kwa kiganja, akacheka kidogo peke yake. Sikumuuliza anacheka nini.

Ng'ombe aliuza.

Sasa, Mwanza kulikuwa na duka lenye kibali, na bunduki ya kufaa ilikuwepo, bei yake kodi ikiwa ndani. Mtu yeyote angenunua pale akaenda zake. Mimi si mtu yeyote. Mwajuma, binti wa dada, yule aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni ninaouandika, akanionyesha kwenye simu duka moja la Uturuki. Bunduki nzuri, mti wake unang'aa kama kitanda cha bibi harusi. Na chini ya bei pameandikwa kwamba mteja wa nje hatozwi kodi.

Nilisimama barazani kwa fundi bati, jirani yangu, nikawatangazia wote waliokuwepo. Kodi ni ya watu wasiojua dunia. Bunduki ukiinunua kwa muuzaji wa nje, kodi hakuna. Nilisema kwa sauti ile ninayoitumia misibani. Fundi bati akanipigia makofi. Wawili wakaniomba niwaandikie jina la duka.

Mwajuma peke yake ndiye aliyeuliza. "Mjomba, hakuna kodi ya wapi?"

Nikamjibu kwamba hakuna ni hakuna, haina wapi.

Ina wapi.

Kibali cha kuiingiza kilichukua miezi. Barua ya mtaa, polisi, kamati, picha ndogo za uso ambamo nilitoka kama mtu anayetafutwa. Yote nilivumilia. Bunduki ikapanda meli, ikafika Dar es Salaam kwa wakala mwenye leseni, na jana wakala akanitumia ujumbe. Nilidhani ni pongezi. Kulikuwa na ushuru wa kuingiza, na juu ya ushuru kuna kodi ya ongezeko la thamani, na nauli ya meli nayo imejumlishwa humo ndani kana kwamba meli nayo hufyatua risasi. Ukijumlisha yote, bunduki ya Uturuki inaizidi ile ya Mwanza, na hela ya ng'ombe wawili imeishia baharini.

Asubuhi ya leo nikavaa kanzu ya Idi, nikaenda ofisi ya kodi kuwasahihisha.

Nilipewa binti mmoja mpole, umri wa Mwajuma. Akanipa shikamoo, nikaitika marahaba, nikaanza. Nikamweleza habari ya muuzaji wa nje. Nikamweleza habari ya msafara wa babu, zile bunduki arobaini, watemi, na kukohoa. Watu kwenye benchi waliacha simu zao wakanisikiliza. Yeye aliniacha nimalize, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, kwa sababu nilizoea kukatizwa.

Halafu akasema, taratibu kabisa, "Baba, yule wa Uturuki hakukutoza kodi yao kwa sababu wewe si mtu wa kwao. Bunduki haitumiki kwao. Wewe ni wa hapa, itatumika hapa, kwa hiyo kodi yake iko hapa. Ungenunua Mwanza ungemlipa mwenye duka hiyo kodi, yeye akaileta kwetu. Huyu wa nje hawezi kutuletea, ndiyo maana unalipa mwenyewe inapoingia."

Nimegombana na watu wengi serikalini, lakini sijawahi kugombana na mtu aliyeniambia kwamba mimi ni wa hapa.

Ndipo mzee mmoja akacheka huko nyuma. Mwembamba, mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, kofia yake imefumwa kwa mkono. Aliposikia babu yangu alitoka pwani alikuwa ameshanihesabu kuwa mtani wake, maana Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani tangu enzi hizo hizo za kubeba mizigo. Mtani hakasirikiwi. Hiyo ndiyo shida yake.

"Mtani," akasema, "babu yako alipita wapi?"

Nikamtajia.

"Basi alipita kwetu kwa zamani, kabla hatujahamia Urambo. Wazee wangu walikuwa ngomeni kwa mtemi, kazi yao kupokea. Kila msafara ulitoa. Kitambaa, shanga, baruti. Hata mwenye bunduki mia alitoa, maana maji ya kunywa yalikuwa ya kwetu. Asiyetoa alipita porini gizani, na asubuhi watoto wetu waliokota viatu vyake."

Benchi zima likacheka. Hata yule binti aliinamia karatasi.

Nikasema babu yangu hakuvaa viatu.

"Ndiyo maana hatukumjua," akasema mzee. "Sasa nimefahamu kwa nini umeletwa hapa leo. Unamlipia."

Nilicheka pamoja nao. Ningefanyaje. Alipotoka alinishika bega, akaniambia nguruwe wa Urambo nao ni wale wale, na kama bunduki ikifika nimkumbuke. Hakusema kwa kejeli. Naye alikuwa amechoka, nilimwona alivyokuwa anashuka ngazi.

Nimekuwa nikiwaza jambo hilo njia nzima. Mji huu umeota kwenye njia. Kila kitu kilichopita hapa kiliacha kitu, na kwa vile vilivyoachwa watu wakajenga, wakapanda miembe, wakatuzaa sisi. Kama babu yangu kweli hakuacha hata kipande cha kitambaa, basi mimi nimekuwa nikijisifia miaka yote kwa mtu aliyekunywa maji ya watu akaondoka.

Au hakuwahi kuongoza msafara. Labda alikuwa amebeba tu. Baba hakuwahi kulisema vizuri jambo hilo, na mimi sikuwahi kuliuliza mara ya pili.

Nilipotoka nikampigia dada.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Imefika?"

"Imefika Dar."

"Lusu si Dar, Rama. Jana wameingia upande wa kisima. Mistari sita wamelaza."

Nikamweleza habari ya kodi. Nilimweleza kwa kuzunguka, nikapitia Uturuki, nikapitia meli. Alingoja. Nilipofika mwisho, nilisikia debe likigongwa kwa mbali, mtu wa shamba la jirani.

"Nina wale wawili wa kulimia," akasema. "Nikiuza hao, msimu ujao nitalima kwa meno."

"Usiuze."

"Sasa?"

"Usiuze, dada. Nitaleta mimi."

Akaniuliza, "Umekula?"

Afadhali angenitukana. Mama wa umri ule amelala dunguni wiki ya tatu, mikono imevimba kwa kupiga debe kuwatisha nguruwe, ng'ombe wake wawili wamekwenda kwa mdomo wangu, na anataka kujua kama nimekula.

Nimeuza pikipiki. Ile niliyoiendesha mpaka Kigoma kwa siku moja bila kushusha mguu chini, nikiwa na mbuzi nyuma. Sawa, kwa siku mbili, na mbuzi alikuwa wa mtu mwingine kwenye basi. Ameinunua fundi bati, yule yule aliyenipigia makofi barazani. Alizunguka mara mbili, akabonyeza kiti, akaniuliza kwa upole wote, "Mjomba, na hii wewe unasema haina kodi?"

Wote waliokuwa barazani walikuwa wakingoja nimjibu. Nikamwambia ile habari ya Uturuki nilikosea, na wale wawili niliowaandikia jina la duka wasitume hela, waende Mwanza. Sikumbuki mara ya mwisho kulitumia neno hilo, kukosea. Halikuniua.

Saa tisa hela ilikuwa imefika kwa wakala. Nimerudi kwa miguu kutoka kuituma, ndiyo haya matope.

Ningeishia hapa, maandishi ya leo yangekuwa mazuri. Mtu amejikwaa, amelipa, dada atapata bunduki yake. Lakini wakala amejibu ujumbe. Kodi imepokelewa, asante mzee. Kimebaki kitu kimoja kabla ya kuachiliwa mzigo. Mwenye jina kwenye kibali aende Ijumaa kwenye uwanja wa shabaha, afundishwe, apimwe mbele ya mkaguzi, apewe cheti cha kwamba anajua kuitumia.

Mwenye jina ni mimi.

Nimefunga mlango wa karakana. Nimechukua mpini wa jembe, nimeuweka begani, nimesimama mbele ya kile kioo ninachonyolea ndevu. Nimejaribu tangu saa kumi mpaka shingo inauma.

Dada tulipokuwa wadogo aliangusha njiwa kwa manati kutoka mlangoni kwa mama, mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa naokota. Yeye ndiye anayekesha na nguruwe hao. Yeye ndiye anayejua wanaingilia upande gani. Tangu mwanzo karatasi ilipaswa kuwa na jina lake, na nadhani siku ile juu ya kinu, alipojifunika jicho, alikuwa ananiambia hivyo bila kunivunjia heshima.

Kesho asubuhi nitampigia wakala, nimuulize kama jina linaweza kubadilishwa liwe la Zuhura, na inahitaji nini, na itachukua muda gani, maana mahindi hayasubiri. Atataka sababu. Nimeitafuta sababu kubwa, ya mgongo, ya safari, ya wito wa serikali. Hakuna iliyosimama. Itabidi nimpe ile iliyopo.

Siwezi kufumba jicho moja. Nikifumba la kushoto, la kulia nalo linafuata.