Udongo Ndani ya Kofia ya Babu

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeshinda uani na kofia ya chuma ya Babu. Mswaki wa zamani, kijiti cha bua la mtama, kitambaa cha pamba, mafuta ya taa kwenye kopo. Mwalimu Neema wa klabu ya historia alitukataza msasa na tindikali. Alisema chuma kilichotoka vitani ukikikwangua kwa nguvu unaondoa na rangi yake, na rangi ndiyo ushahidi. Kutu ilainishwe polepole. Kisha kikaushwe kabisa, kipakwe nta. Nta nimeipata gulioni kwa mama anayeuza asali.

Udongo wa ndani ulikuwa mgumu kama saruji. Mwekundu, umeshikana na jasho la miaka mingi. Nimeulowesha kwa maji ya vuguvugu ukaanza kutoka vipande vipande. Maji machafu nimeyamwaga kwenye shina la mpapai.

Chini ya udongo, rangi ya kijani. Nilicheka peke yangu.

Niandike na historia yake, maana nitaulizwa siku ya maonyesho ya klabu. Babu Ngassa aliiokota vitani, ng'ambo ya mto Kagera, alipokwenda na mgambo wenzake. Hakuwahi kusema ilikuwa ya askari wetu au wa adui. Alisema tu kwamba yeye kichwa chake kilikuwa wazi na kofia ilikuwa chini. Baadaye alikuja kuchimba dhahabu hapa Mwakitolyo, akawa anazama nayo shimoni. Alipofariki ilibaki kwenye duara, yaani shimo wanalochimba baba na wenzake. Inatundikwa mdomoni mwa shimo. Anayetangulia kuzama asubuhi ndiye anayeivaa. Wanasema ni nyota ya duara lao.

Mzee Jilala, mkubwa wa duara, ameniazima mpaka maonyesho yapite. Baba ndiye aliyeniombea. Mimi nisingethubutu.

Jumapili, 11 Agosti

Kwenye ngozi ya ndani kuna unywele. Mfupi, mweusi, umenasa kwenye mshono.

Babu nilimjua akiwa na mvi tu. Huenda ni wake wa ujanani. Huenda ni wa yule mwingine.

Nimeuacha palepale. Sijapiga mswaki upande ule. Ninaogopa, na ni mchana kweupe, na mama yuko hapo anachambua mboga.

Jambo lingine. Udongo ulipotoka utosini, ulitoka na kutu kama maganda. Nimeinua kofia juani nikaona vitobo. Vingi. Udongo ndio uliokuwa umeviziba. Chuma pale juu ni chembamba kama bati la kopo. Nimeandika haya kwenye maelezo ya maonyesho.

Jumanne, 13 Agosti

Nimefanya kosa kubwa.

Baba alirudi jioni, akaiona kofia kwenye kamba ya nguo. Alisimama akiwa na baiskeli mkononi. Hakuiegemeza.

"Kabula. Umeiosha?"

Nikajibu ndiyo, kwa fahari, nikamwonyesha ile rangi ya kijani.

Duara likiwa linatoa dhahabu, wachimbaji hawaogi. Hilo nalijua. Nani asiyelijua hapa kwetu? Wanasema ukioga unaifukuza. Hata nguo za kazi hawafui. Duara la baba linatoa tangu kabla ya likizo, na mama amemhamishia kwenye mkeka wa sebuleni kwa ajili ya harufu. Tunamtania. Ila sikufikiri kwamba kofia nayo ni mwili wa mtu. Nilidhani udongo ni uchafu. Kumbe udongo ule, wa tangu enzi za Babu, ndio walioutegemea.

Na mimi ni msichana. Hilo baba hakulisema. Mama ndiye aliyelisema, kwa sauti ndogo, jikoni.

Baba amesema nisimwambie mtu. Ataongea na Mzee Jilala mwenyewe. Hakunikaripia. Ingekuwa nafuu angenikaripia.

Alhamisi, 15 Agosti

Mwamba umekata. Walikuwa wanaufuata ule mkanda wa mawe yenye dhahabu, leo wamekuta jiwe tupu. Jeupe. Juu, chini, pembeni, jiwe tupu.

Najua miamba hukata. Kwenye kitabu cha jiografia kuna mchoro wake kabisa. Nimeusoma mara nyingi leo.

Ijumaa, 16 Agosti

Masanja amekuja. Ni mchimbaji kijana, mdomo mwingi, zamani alikuwa akiniletea miwa. Leo hakupiga hodi. Alipita moja kwa moja hadi uani, akaigusa kofia, akanusa kidole. Nilikuwa nimeshaipaka nta mara ya kwanza. Inang'aa kidogo.

"Mama Kabula, mmeipendezesha kweli. Bado kuipaka wanja."

Mama akamkaribisha kiti. Akakataa.

"Mwambie baba Kabula yale maji tunayajua. Tunataka kujua tu aliyanunua nani."

Sikuelewa mpaka alipoondoka. Wanafikiri baba ameuza maji niliyooshea kwa watu wa duara lingine. Kwamba nyota yao imehamishwa kwenye ndoo.

Mwaka jana kuna mtu aliyesemwa hivyo, si hapa, mbele kidogo. Walimpiga. Jicho lake moja halioni hadi leo. Huwa namwona gulioni akiuza viazi.

Jumamosi, 17 Agosti

Sikupeleka kofia kwenye maonyesho. Nimemwambia Mwalimu Neema ninaumwa. Nimekaa nyuma ya nyumba. Kila pikipiki ikipita nasimama.

Wanaume wa duara wamekwenda kwa mganga, upande wa Kishapu. Baba hakuitwa.

Jumapili, 18 Agosti

Wamerudi. Mzee Jilala na wengine wawili walikaa sebuleni kwetu. Nikawasalimia, shikamoo, Mzee Jilala peke yake akaitika marahaba. Nikapeleka chai, nikaimwaga kwenye sahani.

Mganga amesema nyumba iliyoosha ndiyo itakayotafuta. Baba avae kofia, udongo wake ukiwa umerudishwa, azame peke yake Jumanne aingie kwenye njia ya zamani. Akitoka na jiwe lenye dhahabu, yameisha.

Njia ya zamani, ya chini kwa chini, waliifunga wenyewe. Matimba, zile nguzo za mbao zinazoshikilia dari, yalianza kulia. Baba alitusimulia siku ile. Alisema mbao zikilia unasikia kama mtu anavunja kuni gizani, na hukai kusikiliza mara ya pili.

Baba amekubali. Amekubali akiwa ameshika kikombe, kama mtu aliyeulizwa kama chai ina sukari.

Mzee Jilala hakumwangalia usoni.

Jumatatu, 19 Agosti

Sikwenda shule. Nimemweleza baba habari za vitobo. Nikamwinulia kofia juani. Jua likamchora madoa usoni.

Akasema, "Jiwe likishuka kule, mwanangu, hata kofia nzima haisaidii."

Nikamwambia basi asiende. Akaichukua kofia mikononi mwangu. Kisha akasema asipokwenda watakuwa wamepata jibu lao kuhusu yale maji, na watakuja hapa, na hapa tupo mimi na mama.

Baadaye nikamwona amepiga magoti kwenye mpapai. Alikuwa na kijiko cha jikoni. Anakwangua udongo nilioumwaga, anautia maji, anaukandika ndani ya kofia. Alilainisha kwa kidole gumba, taratibu, kama mama anavyosiriba ukuta wa jiko. Juu ya nta yangu. Vitobo vyote vimefunikwa. Ikikauka itaonekana ngumu.

Nimeogopa ile kofia kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Hata mtu aliyekufa nayo simwogopi tena. Naogopa inavyoonekana nzima.

Jumanne, 20 Agosti

Naandika nikiwa kitandani.

Baba alitoka na kofia kwenye mfuko wa salfeti. Mama alikaa kwenye kizingiti, hakulia. Nikavaa sare kana kwamba ninakwenda shule. Nikapita njia ya shule mpaka kwenye mitambo ya kusagia mawe, nikakata kulia.

Sijawahi kufika duarani. Wanawake hawafiki. Mdomo wa shimo ni mdogo kuliko nilivyodhani. Ni mdogo kama wa kisima, una miti minne na turubai juu. Walikuwa kama kumi, wengine wamekaa kwenye vifusi. Baba alikuwa amevaa kofia, anafungwa kamba kiunoni.

Masanja ndiye aliyeniona.

"We binti! Rudi! Unataka na sisi tuoshwe?"

Wakacheka. Wengine wakainuka. Mzee Jilala akasema, "Ng'wanawane, nenda nyumbani." Aliniita mwanangu, kwa upole, na upole ule ukanitisha zaidi.

Nilikuwa nimepanga maneno. Niliyakariri njia nzima: kutu, unene wa chuma, uzito wa jiwe. Nilipofungua mdomo hakikutoka kitu. Shuleni huwa hivyohivyo, hata nikilijua jibu.

Nikamfuata baba, nikamvua kofia kichwani.

Mbele za watu. Baba yangu. Hakuna aliyecheka tena. Baba aliniangalia kama hanijui.

Kulikuwa na dumu la maji ya kunywa. Nikageuza kofia, nikaishika kwa mkono mmoja kama bakuli, nikamimina. Mtu akapiga kelele, "Anaiosha tena!" Nikaendelea kumimina. Udongo ukayeyuka. Mwanzoni maji yalijaa, mekundu. Kisha yakaanza kudondoka chini. Kisha yakachuruzika kila mahali, kwenye viatu vyangu, kwenye soksi nyeupe, na nikaendelea kumimina mpaka maji yakawa meupe na kofia haikubakiwa na hata tone.

Kijana anayezungusha winchi akasema, "Yaani tulikuwa tunazama na chujio la chai?"

Mtu mmoja akacheka puani. Mwingine akafuata.

Mzee Jilala hakucheka. Aliipokea kofia kwangu, akaiinua kuelekea angani, akapitisha kidole kidogo kwenye tundu moja. Kikatokeza upande wa pili. Akakichezesha.

"Nimevaa hii tangu Ngassa afariki," akasema. Hakuwa anamwambia mtu.

Masanja akauliza, na dhahabu yetu je? Mganga si amesema?

Mzee Jilala akamnyooshea kofia. "Haya. Vaa wewe, uzame. Njia ya zamani ile pale."

Masanja akaiangalia. Mikono yake ilikuwa mifukoni. Ikabaki mifukoni.

Mzee Jilala akasubiri. Akawanyooshea na wengine, mmoja mmoja, kama anayegawa chakula. Hakuna aliyepokea. Ndipo akamfungua baba kamba yeye mwenyewe.

Tulirudi nyumbani mimi na baba. Alitangulia. Hakunisemesha njia nzima.

Jumatano, 21 Agosti

Baba bado hajanisemesha.

Masanja nimepishana naye asubuhi. Akasema, "Mwalimu wa makofia, umetuulia duara." Anacheka lakini macho hayacheki. Nimefika shule nikiwa nimeloa jasho. Nitapita njia ile kila siku mpaka nimalize kidato cha nne.

Jumapili, 25 Agosti

Duara limefungwa. Mwamba haukurudi. Wengine wanasema ni mimi, na wataendelea kusema. Wengine wanasema ulikuwa umeisha tu. Mzee Jilala anasema hajui, na amesema asisikie mtu akitaja maji tena. Wamegawana kamba na nyundo. Kofia ametuletea mwenyewe. Amesema ni mali ya nyumba hii.

Sijui kama mimi ndiye niliyeifukuza dhahabu. Ninaandika ukweli: sijui. Mchana nasema hapana. Usiku sisemi hivyo.

Baba anakwenda Kharumwa. Kuna duara kule linatafuta watu. Amenunua kofia ya plastiki, ya njano. Nimeigonga na mwiko, kwa siri. Ni nzima.

Wakati anafunga begi akasema, bila kugeuka, "Ulinivua kofia mbele ya watu."

Nikasema ndiyo, baba.

Akakunja shati la mwisho. "Haya," akasema. Kisha akaniomba nimshikie zipu, ilikuwa inakwama.

Jumamosi, 31 Agosti

Upepo mwingi leo. Vumbi.

Nimeirudia kofia. Nimekausha juani, nimepaka nta nyembamba nje na ndani, nimeifuta kwa kitambaa. Ngozi ya ndani sijaigusa. Vitobo nimeviacha wazi. Mwalimu Neema ameiomba kwa ajili ya kabati la klabu, nimemjibu nitafikiri.

Baba alipiga simu juzi. Kule mtandao ni wa kupanda kichuguu. Alisema shimo lao ni refu lakini matimba ni mapya. Jana hakupiga. Leo bado.

Mama amepakua ugali. Akaweka na sahani ya baba kwa mazoea, akaiona, akaurudisha ule ugali sufuriani. Tumekula.